Nimepewa stoo ya shule niifanye galeri ya picha za wanafunzi, waliowahi kufanya hiki kitu naombeni mawazo

Ticha wa Ijumaa

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata huku mkoa wa Morogoro, masomo yangu ni Kiswahili na Uraia lakini nimeangukiwa na klabu ya sanaa kwa sababu tu nilionekana nachora ramani ubaoni ikatoka vizuri, mnajua mambo ya shuleni yanavyokwenda. Watoto wanakutana Ijumaa baada ya vipindi, wanachora, wanafinyanga, wengine wanakuja kupiga stori tu na mimi siwafukuzi.

Sasa mkuu wa shule kaniita, kaniambia ile stoo ya madawati mabovu inasafishwa iwe galeri. Nilifurahi mpaka chai ikapoa. Halafu akaanza kunieleza anavyotaka yeye iwe, hapo ndo kichwa kikaanza kuuma. Anataka picha chache zile bora kabisa, ziwekwe fremu na vioo, mlango ufungwe, ufunguo ukae ofisini kwake, pafunguliwe wakija wathibiti ubora, siku ya mahafali, na Mwenge wa Uhuru ukipita kwetu. Na zile ambazo wageni watazipenda ziuzwe, hela iingie shule.

Mimi naona chumba cha hivyo mtoto atakipita miaka minne nzima bila kujua ndani kuna nini. Saa hizi picha zao zinaishia wapi? Nyuma ya daftari, juu ya dawati kwa ncha ya bikari, ukutani chooni (na huko nasema ukweli ndo kuna vipaji kuliko klabuni kwangu), au kwenye begi zinakunjwa zinakuwa kama za kufungia karanga. Kuna mmoja wa kidato cha pili, mkimya, hata ukimuuliza jina lake anajibu kama anakisia. Aliniletea picha ya mama yake anachambua dagaa, penseli tu, kwenye mgongo wa karatasi ya mtihani wa zamani. Vidole vya yule mama unaweza kuapa vinasogea, na kucha ya dole gumba imepasuka, kaiacha hivyohivyo imepasuka. Ipo kwenye droo yangu, sina pa kuiweka.

Kwaiyo nauliza nianzie wapi. Bajeti hakuna. Ukuta ni wa tofali za kuchoma zimepigwa chokaa, msumari unaingia na kutoka na kipande cha ukuta. Mchana bati likipata jua humo ndani ni tanuri, na mchwa wapo. Na hili la kuuza picha za watoto kisheria limekaaje? Na la mwisho, jamani, hivi galeri inamsaidia kweli mwanafunzi au mimi najifurahisha tu? Waliosoma shule zenye kitu kama hiki waseme. Wenye matusi pia karibuni ila yawe ya adabu.

Mzee wa Kitonga

Matundu ya vyoo yapo ya kutosha? Maabara ina vifaa? Nauliza tu kabla hamjaanza kutundika.

Ticha wa Ijumaa

Mzee, ni stoo ya madawati mabovu, mpangaji pekee aliyekuwemo ni panya. Hakuna choo kilichovunjwa kuipisha 😂

Mzee wa Kitonga

Sawa, ila usije ukashangaa mtoto kapata division zero huku anajua kuchora kucha iliyopasuka. Wazazi tunataka vyeti.

FundiFremu Kkoo

Ticha achana na mzee, ngoja nikupe ya ufundi kwanza maana falsafa watakuja wenye nazo.

Ukuta wa chokaa usipoteze misumari. Chukua mbao nyembamba ndefu, zile za kupigia siling, zipigie juu karibu na linta kuzunguka chumba kizima, utahitaji misumari ya zege michache tu na hapo juu karibu na linta ukuta ni mgumu. Kwenye hiyo mbao unapiga misumari midogo kila baada ya futi moja hivi, halafu unashusha mshipi wa kuvulia au waya wa baindingi, picha inaning'inia kwenye mshipi. Faida yake kubwa ni kwamba ukuta hauguswi tena, ukitaka kubadilisha picha unasogeza mshipi tu, hata mtoto wa form one anaweza. Hapo hapo utaona na mambo ya vibanio vya nguo, vile vya mbao, vinashika manila vizuri tu na ni hela ya maandazi.

Selotepu usiiguse. Inageuka njano, joto likipanda inaachia, na ikiachia inaondoka na ngozi ya karatasi. Gundi ya uji wa muhogo ni nzuri kwa kubandika kolaji za kitenge na majani ya mgomba lakini mende na panya wanaiona kama futari, kwaiyo kama watoto wanaitumia changanyeni gundi ya mbao, na kazi hizo zikae juu, zisilale sakafuni. Kazi za mkaa zinafutika ukizigusa, zipulizie spirei ya nywele ile ya bei rahisi, simama mbali, puliza kidogokidogo mara kadhaa, ukipuliza yote kwa mkupuo karatasi inalowana inafanya madoa.

Kuhusu vioo, mwambie mkuu wa shule kwa heshima zote kwamba kioo ni gharama kuliko fremu yenyewe, kinavunjika, na humo ndani kwa joto hilo karatasi inatoa jasho inagandia kwenye kioo, siku ukiitoa unatoa na rangi. Siling bodi za mabaki zitakutosha, bandika picha juu yake uache ukingo pande zote nne, paka ukingo rangi nyeupe ya maji, mtu akiingia atadhani umefanya fremu. Jua ndo adui mkubwa. Kalamu za felt na poster colour zikipigwa jua la dirishani muhula mmoja tu utakuta zimepauka, kwaiyo ukuta unaotazama dirisha usiweke picha, weka vinyago na vyungu.

Urefu: picha ikae katikati yake kama sentimita 145 hadi 150 kutoka chini, kwenye makumbusho makubwa ndo vipimo wanavyotumia. Bongo tunapenda kuzipandisha juu kama picha ya Rais, matokeo yake watu wanaangalia miguu ya fremu.

Mchwa huwezi kumshinda kwa maneno, pigia dawa kabla ya chochote.

Mama Pacha

Mimi nilisoma bweni huko nyanda za juu kusini na tulikuwa nacho hicho kitu, hakikuitwa galeri, kilikuwa korido tu ya kuelekea bwaloni, mwalimu mmoja alikuja akaigeuza. Nataka kuongelea upande ambao hakuna mtu atauongelea humu maana kila mtu atakuja na vipaji vipaji. Mimi sijui kuchora. Ukiniambia nichore mbuzi utapata meza. Lakini ile korido ndo kitu ninachokikumbuka kuliko darasa lolote la form three, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuandika vile vikaratasi vya chini ya picha.

Mwalimu yule alikuwa na masharti. Jina la mchoraji, kidato, ametumia nini, na sentensi moja tu, na hiyo sentensi huruhusiwi kuandika "picha hii inaonyesha". Ukiandika hivyo anakirudisha. Yani picha ina ng'ombe mto na kijana, kila mtu anaona kuna ng'ombe mto na kijana, sasa wewe unamwambia nini ambacho hakioni? Ilibidi nimtafute aliyechora nimuulize, na hapo ndo nilikuwa naongea na watu ambao bweni hatuongei, madada wa form four ambao ungewasogelea wanakutuma maji. Dada mmoja alichora mlango umefungwa tu, basi, mlango wa bluu una komeo. Nikamuuliza huu mlango ni wa wapi akaniambia wa kwetu, nikamuuliza mbona umefungwa akaniangalia weee halafu akasema andika "mlango wa kwetu, Juni". Juni ndo likizo. Nikaandika hivyohivyo. Watu walikuwa wanasimama pale na sahani zao za ugali wanausoma ule mlango mpaka mboga inapoa. Sijui nikuelezee vipi ticha, lakini shule nzima ilijua kitu kuhusu yule dada bila mtu kumsema.

Kwaiyo usifanye galeri ya wachoraji peke yao. Kuna wa kuandika, wa kutunza daftari la picha zilizoingia na zilizotoka, kuna wale vijana wasiokaa darasani wanaojua nyundo, kuna wenye domo wa kutembeza wageni na kueleza kwa Kiingereza, huyo wa kutembeza wageni mtakuja kumshangaa kwenye oral, mtihani wa kuongea. Na wakae kamati, wachague wao picha gani inakaa na ipi inangoja zamu, utawasikia wanavyobishana. Sisi tulibishana wiki nzima kuhusu picha ya mlevi.

Na la muhimu kuliko yote, iwe mahali wanapopita. Hiyo stoo iko wapi? Kama iko nyuma ya nyumba za walimu hata ukiweka dhahabu hawaendi.

Ticha wa Ijumaa

Mama Pacha umenimaliza na huo mlango. Stoo iko kati ya darasa la form one B na bomba la maji, na foleni ya bomba unaijua.

Mama Pacha

Basi umeshapata watazamaji. Foleni ya bomba haina pa kuangalia.

Mbongo wa Wandegeya

Nimesoma uzi wote nikaona niongeze historia kidogo maana watu wanadhani galeri ya shule ni mambo ya wazungu wenye hela. Mimi nilisoma Kampala, Makerere, siyo sanaa, nilikuwa nachukua uhandisi, lakini galeri yao ipo palepale kampasi kwenye shule ya sanaa na sikuwahi kulipa kuingia, mtu unatoka maabara umechoka unapita unakaa, unakuta kazi za wanafunzi wa zamani na wa sasa.

Hiyo shule ya sanaa ilianza 1937 na mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianzia barazani kwake. Barazani, siyo jengo. 1939 picha za wanafunzi wake zikapelekwa London zikaonyeshwa Imperial Institute. Sasa angalieni waliotoka pale na ambao ni wa kwetu. Sam Ntiro wa Machame, alisoma Makerere akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London akarudi kufundisha, na Tanganyika ilipopata uhuru yeye ndo alikuwa mwakilishi wetu wa kwanza Uingereza, ngazi ya ubalozi, mchoraji! Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko kwenye jumba la sanaa la MoMA New York. Migomba ya Uchaggani hiyo iko Manhattan na wengi wetu hata jina lake hatujawahi kulisikia shuleni.

Mwingine Elimo Njau wa Marangu, naye Makerere. Huyu ndo alichora kuta za kanisa la Murang'a kule Kenya 1959, Yesu na wanafunzi wake wamewekwa kwenye vilima vya Wakikuyu, siyo Yerusalemu ya kalenda. 1965 yeye na wenzake wakaanzisha Paa ya Paa Nairobi, galeri ya Waafrika wenyewe. Iliungua 1997 kazi nyingi zikateketea, hapo ticha jifunze kitu kimoja, piga picha ya simu kila kazi inayoingia, mbele na nyuma, tunza mahali pawili. Haina gharama.

Ninachosema ni kwamba hawa walianza wakiwa wanafunzi ambao mtu alizitundika kazi zao watu wengine wakaziona. Mzee wa Kitonga ukiuliza cheti, Ntiro cheti alikuwa nacho.

Mzee wa Kitonga

Ntiro mmoja, na wangapi wanauza vinyago na picha za culture pale soko la Mwenge, Dar, jua linawapiga hawajala?

Rangi ya Baiskeli

Mzee Mwenge unaisema vibaya, mimi napiga brashi Morogoro Stores, Oysterbay, na watoto wangu wanasoma kwa tembo na twiga hao hao mnaowacheka. Siku ngumu zipo, corona ilitukalisha chini kabisa kwa sababu mteja wetu mkubwa ni mgeni, sikatai. Lakini njaa haiko kwa wachoraji tu.

Ticha mimi nataka nikuulize kitu kabla hujaanza. Watoto wako wakileta picha zimekopiwa utazitundika? Maana utaletewa. Utaletewa Messi, utaletewa simba wa intaneti, na utaletewa picha za mtindo wa tingatinga, kwa sababu tingatinga kila mtoto kaiona kwenye fulana. Walimu wengi wanafokea hapohapo, kukopi ni dhambi. Mimi nasema taratibu. Mzee mwenyewe Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuja Dar akafanya vibarua vya kila aina, kwenye 1968 ndo akaanza kuchora kwa rangi za kung'aa za kopo, zile watu wanapaka baiskeli, juu ya hardboard. Hakusoma sanaa popote. Na alipopata soko akawaita ndugu na majirani, akina Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, Casper Tedo, January Linda, Adeusi, wakakaa pembeni yake wakakopi. Wakakopi! Mzee akauawa 1972, polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, alikuwa na miaka kama minne tu ya kuchora, na kama wale vijana wasingekuwa wamekopi basi leo tusingekuwa na kitu kinaitwa tingatinga, kingekufa naye.

Lakini, na hapa ndo ugomvi wetu wenyewe kwa wenyewe pale kwenye chama chetu cha wachoraji, kukopi kukizidi kunaua bei. Ukiwa na twiga watano wanaofanana kwenye mlango mmoja mgeni anakushusha mpaka unauza kwa hela ya rangi. Sasa wewe huuzi, una nafasi ya kufanya tofauti. Wekeni ukuta wa mazoezi na ukuta wa kazi. Ukuta wa mazoezi mtoto atundike kopi yake bila aibu na aandike kakopi wapi. Ukuta wa kazi ni kitu alichokiona kwa macho yake. Ile ya dagaa hiyo ndo ukuta wa kazi.

Na uwalete Dar siku moja bana. Sisi tupo, Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni kwenye viwanda, wapo tangu 2008, wasanii wanafanya kazi unawaona hapohapo na kuna maonesho, Makumbusho ya Kijiji iko jirani tu barabara ya Bagamoyo. Zamani ingekuwepo na Nyumba ya Sanaa mjini, waliokuwepo miaka ya themanini wanaijua. George Lilanga, huyu ambaye picha zake leo wazungu wanagombania, alipofika Dar alipewa pale Nyumba ya Sanaa kazi ya ulinzi wa usiku. Alikuwa tayari anachonga, Mmakonde bana, ila kukaa karibu na kazi za watu ndo kulimfungulia. Mlinzi wa shule yako anachora? Muulize.

Ticha wa Ijumaa

Mlinzi wetu anasuka mikeka na hakuna mtu kawahi kumuuliza chochote. Nimeinuka hapa nilipo.

Ukuta wa mazoezi na ukuta wa kazi nimeuchukua kama ulivyo. Bado hili la kuuza.

Kalamu Nyekundu

Nijibu la sheria kwa kifupi, mimi siyo wakili wako.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999. Kazi ikishachorwa, haki ni ya aliyeichora, palepale, hata kama hajaisajili popote na hata kama ana miaka kumi na nne. Shule siyo mwajiri wake kwaiyo ile hoja ya "kachora kwenye muda wetu na manila yetu" haiifanyi picha iwe ya shule. Haki inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya hapo. Pia ana haki ya kutajwa jina, ukiitundika picha yake bila jina umeshaanza vibaya.

Pili, kuuza karatasi ni kitu kimoja na kuuza haki ya kuitumia ni kingine. Mgeni akinunua ile picha anaondoka na ile picha, haondoki na ruhusa ya kuitengenezea kalenda za kampuni yake. Hii nimeiona kwa macho, shule moja sitaitaja, picha ya mtoto ilitokea kwenye kadi za Krismasi za watu na mtoto hakupewa hata kadi moja.

Kama lazima muuze, andikeni karatasi ya ukurasa mmoja: bei, mtoto anapata kiasi gani, klabu inabaki na kiasi gani ya kununulia rangi, mzazi asaini maana huyo ni mtoto mdogo hawezi kujifunga mkataba. Na picha mtoto asiyetaka kuiuza haiuzwi, nukta. Maswali ya haki nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mkiweka mtandaoni msiweke jina kamili la mtoto na shule na sura yake pamoja, kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022 na hata bila sheria tumia akili.

Mkaa wa Likoni

Hamjambo majirani, nami nachangia kutoka Mombasa. Huku kwetu Art and Design kwenye KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ina sehemu ya mradi, mwanafunzi anapewa mada na anaufanya kwa wiki kadhaa, na sasa kwa huu mtaala mpya wa umahiri, CBC, kuna mkondo mzima wa sanaa na michezo kuanzia Gredi ya 10. Shida iliyotupata shuleni kwangu ni kwamba miradi ikishasahihishwa inarundikwa kwenye kabati, wanafunzi wa nyuma hawaoni wenzao walifanya nini, kila mwaka wanaanza na sufuri. Tulipofungua chumba cha maonyesho, jambo la kwanza lililobadilika si vipaji, ni hofu. Mwanafunzi akiona kazi ya mwaka juzi ina dosari zake na bado imetundikwa, anathubutu.

Ila mwalimu nikutahadharishe na jambo moja. Badilisha! Galeri isiyobadilika ni pambo. Miezi ya kwanza walikuwa wanajaa, picha zikakaa zilezile muhula mzima, nikaja nikakuta chumba kimefanywa mahali pa kukopia homuweki. Sasa tunabadilisha kila mwanzo wa mwezi na siku ya kutungua tunaifanya sherehe kuliko siku ya kutundika, mwenye picha anasimama anasema maneno mawili, anaulizwa maswali, wakati mwingine ya kumchoma, halafu anaondoka na picha yake. Na wasioshinda chochote kwenye michezo wala muziki wanapata siku ya kuitwa jina mbele ya wenzao kwa jambo zuri.

Jambo lingine, zawadi ya kwanza, ya pili, ya tatu, sikupendekezei. Tulijaribu. Walioshika nafasi waliendelea, waliobaki wakaacha kuleta.

Mama Pacha

Hapo kwenye zawadi nakuunga mkono mikono yote miwili. Korido yetu iliuawa na mashindano, alikuja mwalimu mwingine akaweka majaji na alama kwa asilimia.

Rangi ya Baiskeli

Mimi hapo siwaungi mkono. Sokoni kuna majaji kila siku, mgeni anapita mbele ya picha yako anaenda kwa jirani. Mtoto azoee mapema.

Mkaa wa Likoni

Azoee akishakuwa na brashi yake, kaka. Wa form one bado anajifunza kuishika.

Mzee wa Kitonga

Mnajua nini, nimekaa kimya nasoma. Mimi mjukuu wangu yuko form two shule moja huku Iringa, mama yake kanipigia juzi analalamika daftari la Hisabati limejaa sura za watu. Nilimwambia amchape. Sasa hebu ticha nijibu bila siasa, hao watoto wa klabu yako kwenye masomo mengine wanakuwaje? Maana hilo ndo utakaloulizwa na kikao cha wazazi, siyo Ntiro.

Ticha wa Ijumaa

Nakujibu bila siasa mzee. Wengine wako vizuri, wengine wako hoi, kama darasa lolote. Siwezi kukuambia kuchora kunapandisha Hisabati, sina ushahidi na nisingependa niseme uongo kwenye kikao. Ninachoweza kusema ni mahudhurio. Ijumaa mchana kwetu ni siku ya kutoroka, njia ya mtoni ni ileile kila mtu anaijua, na wa klabu hawatorokagi Ijumaa. Huyo wa dagaa mwaka jana alikuwa anapotea siku mbili tatu kila wiki, anamsaidia mama kuuza. Sasa hivi hiyo siku moja yupo, na akishakuwepo mchana ina maana na asubuhi alikuwepo, vipindi vyote amekaa. Ni siku moja, lakini ni siku.

Na mtaala mpya nao umeleta mkondo wa amali, yani wa ufundi, na sanaa imo, kwaiyo hata cheti chako mzee kinaweza kutokea huko.

Usimchape, mwambie akupigie picha ya hilo daftari akutumie.

Mzee wa Kitonga

Kaituma. Amenichora na mimi nimelala kwenye kiti mdomo wazi. Mshenzi kweli huyu mtoto. Fundi wa fremu, hiyo siling bodi inauzwaje?

FundiFremu Kkoo

😂😂😂 Mzee wewe njoo na hiyo karatasi tu, ila mwambie asiichane kwenye daftari kwa pupa, akate na wembe karibu na pini.

Ticha wa Ijumaa

Nimeongea na mkuu wa shule leo baada ya paredi. Nilimpelekea habari ya vioo na gharama zake, hapo alinielewa haraka sana kuliko mambo ya elimu. Ya sheria alishtuka, akasema basi hakuna kuuza mpaka kikao cha wazazi. Ufunguo amekataa kabisa wanafunzi kukaa nao, tumekubaliana utakaa kwa mlinzi, na pafunguliwe mapumziko ya saa nne na baada ya vipindi. Wageni wake wakija wataona kilichopo wiki hiyo, sitaandaa maalum, hilo alinuna kidogo.

Mlinzi nimemwambia alete mkeka mmoja. Kaniuliza mara mbili kama namtania.

Ile ya dagaa mwenyewe kasema itundikwe lakini isiandikwe jina la mama yake, iandikwe tu "dagaa wa Mtera". Nimemwachia.

Sasa kuna mtu yuko Moro mjini anajua pa kupata mabaki ya siling bodi kwa bei ya kirafiki? Na hiyo dawa ya mchwa ambayo haitaua na watoto.

Kalamu Nyekundu

Siling bodi nenda kwa mafundi wa fenicha, wanatupa vipande vizuri tu. Dawa nunua duka la pembejeo, usichukue ya kupima kwenye chupa ya maji barabarani, ipigwe wakati wa likizo chumba kiwe kitupu, kifungwe, halafu milango iachwe wazi siku kadhaa kabla watoto hawajarudi.

FundiFremu Kkoo

Ticha njoo pm, nina vipande huku vimekaa tangu mwaka jana, gharama yako ni nauli ya basi tu.